Mwendo wa Kusikia

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumai hujambo, na hao wasichana wako wa bweni hawajakuotesha mvi kichwa kizima. Sisi huku wazima. Wifi yako Fundi anakusalimu, na cherehani yake inakusalimu zaidi, maana humu ndani inaongea kuliko mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulinikatia tamaa. Maneno yako mwenyewe: "Ukitaka nikufundishe, andika, maana ukipiga simu sipati hata upenyo wa kusema haloo." Haya, nimeandika. Mnadi anayeuza vitu kwa mdomo asubuhi hadi jioni, umempa kalamu.

Jambo ni hili. Nataka kukimbia marathoni ya mwezi wa tano. Cheka kwanza, nakusubiri. Mwaka jana nilitoka kwa kasi, nikaishia kwenye hema la huduma ya kwanza, nimelazwa kati ya mama aliyeteguka kifundo na mzee aliyekuwa ananiombea dua bila kuniuliza kama nataka. Fundi alinisubiri kwenye utepe wa kumalizia mpaka wakaanza kukunja viti. Hakunigombeza hata kidogo, na mimi ningeona heri anigombeze. Sasa nikipanda jukwaani mnadani, lazima mtu wa nyuma apaze sauti: "Redio, leo utafika mwisho?" Watu wanaangua kicheko, mnunuzi anasahau alichokuwa anataka kununua.

Safari hii nataka kufika kwa miguu yangu. Wewe ulikimbia, umefundisha wasichana na wakashinda. Niambie la kufanya. Sitabisha.

Mdogo wako,
Redio

9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma hadi mwisho, jambo ambalo kwa simu haliwezekani.

Sasa tulia. Shida yako siyo mapafu wala miguu. Shida yako ni kwamba kila ukikimbia unakimbia kama umefukuzwa. Mwili una mstari wake. Chini ya mstari huo unafanya kazi, unatoka jasho, lakini mwili unajisafisha wenyewe huku unaendelea. Ukiuvuka, uchovu unarundikana haraka kuliko unavyoondoka, na hapo hata uwe nani, utakaa chini. Watu wazima wenzako wengi wanafanya mazoezi juu ya mstari. Wanarudi hoi, wanajisifu, halafu wiki nzima hawajiwezi. Mimi nataka ufanye kazi chini yake kidogo tu. Siyo kutembea, siyo kushindana na mtu.

Mara tatu kwa wiki kimbia vipande, kila kimoja dakika chache, katikati pumzika kidogo, kisha rudia. Siku nyingine mchakamchaka wa pole, pole ya kuaibisha. Jumapili mbio ndefu, nazo pole. Ukimaliza kipande cha mwisho uwe bado na hamu ya kingine, na hicho kingine usikifanye.

Utajuaje kwamba hujavuka? Wenye vifaa wanajitoboa kidole wapime damu. Wewe tumia mdomo. Katikati ya kipande sema sentensi nzima kwa sauti. Ukiimaliza bila kukatika, uko chini ya mstari. Ukikatika, umevuka, punguza. Wasichana wangu wote nawapima hivyo, na hakuna aliyewahi kunidanganya.

Msalimu wifi. Mwambie gauni alilonishonea linanibana, kosa ni la wali wa bwenini.

Dada yako

1 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimechanganyikiwa.

Nimefuata maneno yako kama yalivyo. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, vipande. Kila kipande nasema sentensi, tena siyo moja, nasema hotuba nzima, sikatiki. Kwa hiyo niko chini ya mstari, siyo? Basi nieleze kwa nini asubuhi miguu inakuwa kama nimeazima kwa mtu. Kwa nini moyo unadunda nikiwa bado sijafunua shuka. Mwanzoni nilikuwa napita kituo cha mafuta nikiwa mwepesi, sasa nafika palepale nimechelewa na nimechoka zaidi. Yaani najifua ili niwe mbovu!

Kazini nako vituko. Juzi nimeuza kabati kwa bwana aliyekuwa anajikuna sikio. Kanyanyua mkono, mimi nikagonga nyundo. Bosi akaniita pembeni, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia naboresha afya. Akanitazama weee, akaenda zake.

Nashukuru nyumbani kuna amani. Mwaka jana Fundi alikuwa na maneno yake kuhusu hizi mbio, mwaka huu mpole kabisa. Akisema jambo namjibu sawa, anarudi kwenye cherehani. Nadhani ameanza kuzikubali.

Sasa niongeze au nipunguze? Nikipunguza si nitakuwa natembea? Mbona sielewi?

Mdogo wako,
Redio

6 Machi

Wifi yangu,

Shikamoo. Usishtuke kupata barua yangu, najua mwandishi wa nyumba hii ni mwingine. Naandika nikiwa dukani, kati ya sare za shule na suti ya mteja asiyekuja kupima.

Wifi, nimepata kazi. Kuna chuo cha ufundi, safari ya siku nzima kwa basi, wanataka mwalimu wa ushonaji. Niliomba mwaka jana bila matumaini, na wameniita. Wananipa chumba humohumo chuoni. Naondoka tarehe nne Mei, siku moja tu baada ya mbio za mdogo wako. Ni kazi niliyoitamani tangu sijaolewa: meza ndefu ya kukatia, wasichana wanaoshika mkasi kwa mara ya kwanza, na mimi nimesimama mbele yao. Wanataka jibu kabla Aprili haijaisha.

Nimemwambia mume wangu mara tatu. Ya kwanza alikuwa ananyoosha mguu ukutani. Ya pili alikuwa anakula. Ya tatu alikuwa ameweka barafu magotini, nikakaa mbele yake, nikasema polepole: nimepata kazi mbali, nitaondoka mwezi wa tano, wewe unasemaje? Akasema, "Sawa mke wangu, hiyo ni sawa kabisa." Kisha akaniomba kitambaa kikavu.

Nisaidie, wifi. Mwanamume akiambiwa na mkewe "naondoka" akajibu "sawa", ana maana gani? Ameniruhusu? Amenichoka? Au hakusikia? Nimeligeuza neno hilo ndani nje, silioni pindo lake. Angekataa, nina la kumjibu, nimeshalipanga. Angesema twende wote, hilo nalo nimelifikiria. Hiyo sawa ndiyo sikujiandaa nayo. Alfajiri anatoka akiongea peke yake, anarudi ananisimulia alivyokuwa anaongea. Sijui hata nitapenyezea wapi.

Nakuomba usimwambie. Jambo aliloshindwa kulisikia kwa mkewe sitaki alisikie kwa dada yake. Kama hakusikia, atasikia kwangu. Na kama alisikia, basi nimeshajibiwa, nitafunga vitu vyangu.

Wifi yako,
Fundi

12 Machi

Wifi,

Marahaba, na hongera! Nimefurahi hadi nimewapa wasichana mapumziko wasiyostahili.

Sitamwambia. Hiyo sawa yake sijui maana yake, na mimi nimemjua kabla hajaota meno. Utotoni mama akimtuma dukani alikuwa anasema sawa, halafu tunamkuta amesimama palepale mlangoni, anamsimulia jirani kwamba ametumwa dukani. Anakupenda, hilo sina shaka nalo. Kama anakusikia, hapo ndipo sijui.

Na wewe je, unataka kwenda, au unataka akuzuie? Hujaniambia.

Wifi yako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Habari zako hazilingani. Mtu anayekimbia chini ya mstari hachoki namna hiyo. Au unanidanganya, au kuna kitu sikioni. Niambie kwa kirefu, na najua hilo halitakusumbua: unasema sentensi gani, ukiwa mwendo gani, karibu na nani?

Na nyumbani kukoje? Wifi anasemaje siku hizi? Nijibu na hilo.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi nikudanganye wewe? Uliyenifundisha kuvaa viatu?

Unauliza sentensi gani. Za kazini, ndizo ninazozijua. Jumamosi, kipande cha nne, vijana wa klabu ya mbio walikuwa mbele yangu. Nikawakamata pale kwenye ukuta wa ghala, nikakaa nao bega kwa bega huku nanadi: friji la milango miwili, linagandisha hata maneno, nani ananipa, namwona baba wa kofia, namwona mama wa miwani, baba wa kofia unaniangusha, mama wa miwani anakula friji lako! Mpaka friji likauzwa. Nikaingia kwenye meza, nikaingia kwenye viti, nikamalizia na feni. Vijana hoi kwa kucheka, mmoja akasema, "Mzee huyu ana betri." Sikukatika hata mara moja, dada. Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye ngazi, nikashindwa kuinama kufungua kamba za viatu. Hapo ndipo nisipopaelewa.

Umeuliza habari za Fundi. Mzima, mkimya. Amenunua begi kubwa la magurudumu. Hajaniambia la nini, ila nimejiongeza: siku ya mbio nitakuwa na taulo, maji, nguo za kubadilisha, viatu vya akiba. Ana moyo yule mwanamke! Tena anajishonea magauni mapya, ya heshima, kama ya mwalimu. Ya kuja kunishangilia, nadhani, ingawa sielewi kwa nini ni manne.

Mdogo wako,
Redio

25 Machi

Ewe Redio!

Nimesoma barua yako nimesimama, ikabidi nikae. Umeuza friji. Umeuza friji, meza, viti na feni katikati ya kipande, bega kwa bega na vijana wa klabu!

Kipimo nilichokupa ni cha binadamu wa kawaida. Mtu akivuka mstari, kitu cha kwanza kumtoka ni maneno. Wewe maneno ndiyo ya mwisho kukutoka. Miaka yote umejizoeza kuiba pumzi katikati ya neno, ili mnunuzi asipate nafasi ya kujifikiria. Siku wakikuzika utakuwa bado unanadi jeneza. Wiki zote hizi umekuwa juu ya mstari, juu kabisa, na mdomo unakwambia uko salama. Ndiyo maana moyo unadunda. Ndiyo maana umemuuzia kabati mtu mwenye muwasho. Ningeliona hilo tangu mwanzo kama ningefikiria ninamfundisha nani.

Sasa pumzika siku chache. Halafu, siku za vipande, mdomo wako nimeufunga. Wifi apande baiskeli, awe kando yako, aongee yeye, chochote anachotaka. Wewe kimbia usikilize. Kipande kikiisha, mrudie alichosema. Ukiweza, uko chini ya mstari. Usipoweza, umevuka, punguza mpaka uweze. Mdomo wako hauchoki, lakini masikio yako ndiyo yanayozimika kwanza, na hilo nalijua tangu hujaanza kukimbia.

Uniandikie alichosema.

Dada yako

25 Machi

Wifi,

Nimemfunga mdomo. Azima baiskeli, yeye atakueleza kwa nini. Kuhusu jambo lako sijamwambia kitu. Begi ameliona, anadhani ni la taulo zake.

Ukitaka kusema, sema. Usipotaka, msomee hata majina ya maduka. Sijui kama nafanya vizuri kuchanganya zoezi na nyumba, lakini njia nyingine sina.

Wifi yako

4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Masikio yangu yana nini?

Fundi ameazima baiskeli ya muuza magazeti. Nilidhani atakataa. Akauliza, "Dada yako amesema niongee?" Nikasema ndiyo. "Chochote?" Chochote. Akacheka kicheko ambacho mpaka leo sijakielewa.

Kipande cha kwanza ameongea kuanzia ukuta wa ghala hadi kituo cha mafuta. Mimi nasikia tairi, nasikia moyo wangu, basi. Tukasimama. "Nimesema nini?" Nikasema, "Nguo." "Nguo gani?" Nikasema, "Nguo tu." Akageuza baiskeli. Cha pili nikapunguza, nikaokota "mteja" na "zipu". Cha tatu nikapunguza mpaka nikaona aibu. Vijana wa klabu wakanipita, yule mmoja akauliza kama betri imekwisha. Dada, hujui uchungu wa kuwa na jibu zuri namna ile na kulimeza!

Lakini cha nne nilisikia. Kuna bwana mmoja kila baada ya miezi michache anamletea Fundi suruali ileile aipanue, na kila mara anasema sabuni ya siku hizi inapunguza vitambaa. Fundi anaitikia, anafumua, anapanua. Sasa kitambaa cha ndani kimekwisha, na hajui atamwambiaje. Nilimrudia yote, mpaka rangi ya uzi. Alishika breki. Akanitazama kama mtu anayejiuliza aliniona wapi. Nikamuuliza mbona hukuwahi kunisimulia habari za huyu bwana? Akasema amenisimulia tangu mwaka juzi.

Kitu cha ajabu, nilimaliza nikiwa na hamu ya kipande kingine. Asubuhi moyo umetulia. Sielewi inakuwaje mtu anakwenda polepole halafu anakuwa na nguvu, ila nimekubali kutoelewa.

Mdogo wako,
Redio

9 Aprili

Dada,

Nimesimama katikati ya kipande. Najua hairuhusiwi.

Ilikuwa Jumanne. Mwendo ulikuwa mzuri, ule hasa uliokuwa unautaka, nasikia mpaka mnyororo wa baiskeli unavyokwaruza. Fundi alikuwa anaeleza habari za mkasi unaong'ata kitambaa badala ya kukata. Halafu kwa sauti ileile, bila kunitazama, akasema: "Nimepata kazi ya kufundisha ushonaji, ni mbali, naondoka siku ya pili ya mbio zako, na wewe ulisema sawa." Akarudi kwenye mkasi.

Miguu ilisimama yenyewe. Yeye akaenda mbele kidogo, akageuka, akasema, "Kipande hakijaisha." Nikamwambia mimi nilisema sawa lini? Akanitajia: siku ya ukutani, siku ya chakula, siku ya barafu. Dada, barafu naikumbuka. Magoti nayakumbuka, hata kitambaa kikavu nakikumbuka. Maneno hayapo. Nimeyatafuta kichwani pembe zote, hayapo.

Na lile begi! Nilikuwa nimeshaweka viatu vyangu vya akiba ndani. Kumbe aliviona, akavitoa, akavipanga chini ya kitanda.

Sasa sijui. Nikimwambia usiende, mimi ni nani wa kumwambia hivyo, mtu ambaye sikujua hata kama anaondoka? Nikimwambia nenda, atadhani ni ileile sawa. Mtu akija mnadani kununua ndoo, mimi namtoa na kitanda. Leo nimekaa kwenye ngazi zangu mwenyewe sina neno. Namwogopa mke wangu, dada. Naogopa kufungua mdomo nikamuuza.

Halafu na wewe. Ulijua, siyo? Kama ulijua, mbona ulikaa kimya? Na hizi mbio, nizifute?

Redio

13 Aprili

Mdogo wangu,

Nilijua. Aliniomba nisiseme, nikakubali. Kasirika, ila kiasi.

Ushauri wa ndoa sina. Ningekuwa nao nisingekuwa naishi na filimbi na viatu vya wasichana arobaini. Sijui umwambie nini. Nimeandika sentensi tatu hapa nikazifuta zote.

Mbio usizifute. Hilo ndilo ninalolijua, kwa hiyo nitakwambia hilo. Anza nyuma. Watu watakupita, vijana watakupita, akina mama wenye umri wangu watakupita, waache. Nusu ya kwanza uone kama unapoteza muda. Siku hiyo hakuna baiskeli kando yako, kwa hiyo sikiliza viatu vya watu, sikiliza wanaoshangilia wanasema nini. Ukiona husikii tena, umevuka, punguza.

Mengine yako wewe na yeye.

Dada yako

22 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Umeniulia Redio.

Hasemi. Mnadani anaongea kama kawaida, nimeuliza watu. Akivuka mlango huu anakuwa kama mgeni aliyekuja kumsubiri mtu. Ananitazama. Anafungua mdomo, anaufunga. Jana ameosha vyombo akavipanga mahali visipokaa, nusu saa natafuta mwiko. Sijui ana hasira, sijui anaona haya, sijui anafikiria. Nilitaka anisikilize, wifi, sikuomba bubu!

Nimewajibu chuo kwamba nakuja. Nilipomwambia, kwa mara ya tano, alitikisa kichwa kwamba amesikia. Basi, ikaishia hapo. Nikaenda dukani nikavunja sindano mbili.

Baiskeli bado napanda. Nasema, yeye anarudia neno kwa neno mpaka naingiwa na hofu. Sasa nasema vitu ambavyo sijawahi kumwambia mtu, habari za mama yangu, habari za mtoto tuliyempoteza, na yeye anakimbia kando yangu, na kipande kikiisha ananirudishia yote, hajapunguza kitu. Lakini kurudia siyo kujibu. Au ndiyo jibu lenyewe, na mimi sijui kulisoma? Uliniuliza kama nataka kwenda au nataka anizuie. Nataka kwenda. Na nataka kitu kingine juu yake, ambacho nashindwa kukipa jina.

Siku ya mbio nitasimama kwenye utepe. Kesho yake napanda basi la asubuhi. Nikipanda bila kuambiwa kitu, basi nitajua kwamba miaka yote hii nimeishi na sauti, mtu hakuwemo.

Wifi yako,
Fundi

6 Mei

Wifi,

Shikamoo. Alifika. Nimeanza na hilo maana najua ungeruka mistari kulitafuta.

Wenye kasi walishapita zamani, wameshavishwa medali, muziki umeshapigwa ukarudiwa. Nikaanza kulitazama lile hema la huduma ya kwanza. Nikaenda hadi mlangoni nikachungulia, hayumo. Nikarudi, na mara namwona huyo anatokea kwenye kona, anakimbia, mwendo uleule ninaoujua kutoka kwenye baiskeli, huku wenzake wengi wamebaki kutembea. Watu wa mnadani walikuwa wamejaa upande mmoja wanapiga kelele, "Redio, sema neno!" Hakusema. Akavuka utepe, akavishwa medali, akanitafuta kwa macho, akaja tukakaa ukingoni mwa barabara.

Alikaa anahema taratibu. Halafu akasema, "Nina swali."

Nilijua sasa atasema usiende, na jibu langu lilikuwa tayari tangu Machi.

Akasema, "Chumba watakachokupa, dirisha lake liko upande gani? Wewe ikifika jioni macho yanakuuma. Cherehani ikikaa vibaya hutaona."

Wifi, mimi chuo nilishawauliza kila kitu. Ratiba, idadi ya wanafunzi, kama mlango una kufuli. Dirisha sikuuliza. Na kwamba macho yananiuma jioni, sikumbuki nilimwambia lini, labda siku moja katikati ya habari za vifungo. Nikamwambia sijui. Akasema, "Nimelifikiria siku nyingi. Kila nikifungua mdomo naona yanakuja maneno ya mnadani, nikawa nasubiri yaishe. Leo njiani yameisha." Nililia palepale, mbele ya watu na medali zao, na mama mmoja akaniletea maji akidhani nami nilikuwa nakimbia.

Nikamwambia, basi twende tukaone. Juzi tulipanda basi wote wawili. Mapaja yanamuuma, alishuka ngazi za nyumba kinyumenyume ameshika ukuta, na begi hakuniachia.

Dirisha lipo. Ni dogo, linatazama ukuta wa karakana, mwanga unaingia kwa juu asubuhi na jioni hakuna kitu. Amelitazama, akatoka, akazungumza na mlinzi, akarudi na meza sijui ameitoa wapi. Leo nimefundisha kipindi changu cha kwanza, wasichana kumi na moja, mmoja anatumia mkono wa kushoto na hakuna mkasi wake. Nimerudi nimemkuta bado anahangaika na meza ileile. Anaisogeza, anarudi nyuma kuangalia mwanga unapoangukia, anakunja uso kwa maumivu, anaisogeza tena.

Amekuja na mfuko mdogo mmoja, kwa hiyo huenda kesho anarudi. Lakini ndani ya mfuko nimeona viatu vyake vya kazini, kwa hiyo sijui. Hajasema kama anakaa au anakwenda. Nilitaka kumlaumu, kisha nikakumbuka kwamba mimi nami sijamuuliza. Naweka kalamu chini, nimuulize.

Wifi yako,
Fundi